Jibu: Kwa nini aliwekewa mfuko wa choo
Ndugu, umeuliza kwa nini shangazi yako, aliyeondolewa saratani ya utumbo mpana huko Uingereza Aprili 2020, aliwekewa mfuko wa choo (unaobandikwa nje ya tumbo kukusanya kinyesi) badala ya utumbo kuunganishwa papo hapo. Machi mwaka huo vyuo vya madaktari wa upasuaji nchini humo vilishauri njia hiyo ifikiriwe, kwa sababu maungio yakivuja, kinyesi humwagika tumboni na mgonjwa huenda akahitaji kitanda cha wagonjwa mahututi, navyo vitanda hivyo viligombaniwa na wagonjwa wa Uviko-19. Hata upasuaji wa matundu madogo ulipunguzwa, kwa hofu (kwa maoni yangu ilikuzwa mno) kwamba gesi inayopulizwa tumboni wakati wa upasuaji huo ingebeba virusi inapotoka. Ikiwa sehemu ya chini ya utumbo ilibakizwa, amuulize daktari wake kuhusu kuunganishwa tena.