Maswali yenu: mwili wa mwanamke kwenye turubai

"Kwa nini wachoraji wa Ulaya na Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliwachora wanawake uchi kwa sura mbaya hivyo?"

Swali hili linarudi kila mara, na mwulizaji huwa ameona picha moja tu, kwenye simu. Unene wa rangi hauonekani kwenye simu, na kwa mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet rangi ndiyo mwili wenyewe. Mwaka 1950 na 1951 alichora mfululizo aliouita Corps de dames, yaani miili ya mabibi: wanawake waliotandazwa kama ngozi iliyowambwa juani, kichwa kidogo, rangi nzito kama tope, mikwaruzo kila mahali. Alieleza mwenyewe kwamba uzuri tuliozoeshwa tumeurithi kwa Wagiriki, ukapaliliwa na majalada ya magazeti, naye anaukataa. Huko New York, mchoraji Willem de Kooning aliianza picha yake Woman I mwaka 1950, akawa anapaka na kukwangua, anapaka na kukwangua, hadi 1952. Ikatoka na macho kodo na meno nje. Sura mbaya, kwa kipimo cha nani? Karne nyingi mwanamke uchi alichorwa alale, anyamaze, ampendeze mnunuzi. Hawa wawili walikataa kumpendeza mtu. De Kooning, hata hivyo, simsamehe yote: mwanamke wake anatisha, lakini hana jina wala maisha.

"Lucian Freud alikuwa akimdhihaki yule mama mnene?"

Ana jina: Sue Tilley, mfanyakazi wa ofisi ya serikali jijini London iliyohudumia wasio na ajira. Freud, mchoraji wa Uingereza, alimaliza kumchora mwaka 1995, amelala kwenye kochi la maua. Mwaka 2008 mchoro huo uliuzwa dola milioni 33.6, rekodi ya wakati huo kwa msanii aliye hai. Wengi mnaoniandikia mnaijua bei na jina hamlijui. Hilo linaniuma. Tazameni tumbo na paja: kila mkunjo una rangi yake. Mwenye dhihaka hahangaiki hivyo.

"Hizi si picha za ngono?"

Hapana. Ukiuliza tena, taja mchoro ulioutazama.

"Ni kweli Yves Klein alitumia wanawake badala ya brashi?"

Kweli. Msanii huyo Mfaransa alifanya hivyo Paris, tarehe 9 Machi 1960: mbele ya wageni waalikwa, wanawake uchi walijipaka buluu wakajigandamiza kwenye karatasi, yeye akiwaelekeza ndani ya suti safi. Wapo wanaouita huo ukombozi. Mimi siuoni.

"Wanawake wenyewe walichora nini?"

Ningefurahi swali hili lingetangulia. Joan Semmel, miaka ya 1970, alichora mwili wake kama mwenyewe anavyouona akiinamisha macho: matiti, tumbo, miguu, bila uso. Alice Neel alichora wajawazito uchi, jambo ambalo wachoraji wengi kabla yake walilikwepa. Pregnant Maria ni ya 1964. Kisha mwaka 1980, akiwa na miaka 80, akamaliza kujichora mwenyewe: nywele nyeupe, miwani, matiti yaliyolala juu ya tumbo, ameketi kwenye kiti cha mistari. Anayeanza, aanzie hapo, na aangalie mikono kabla ya mwili. Mmoja umeshika brashi, mwingine kitambaa.