Kitanzi cha usumaku kwenye joto la chumba? Pima kibao kitupu kwanza

Yakhe, usiitume hiyo makala. Isimamishe leo hii hii.

Umeandika kwamba una utando wa oksidi ya lanthani na kobalti wenye unene wa nanometa 20, umeoteshwa juu ya kibao (kipande cha fuwele kinachobeba utando) cha titaneti ya stronti, na kitanzi cha usumaku, yaani umbo la grafu linaloonyesha kitu kimebaki na usumaku hata ukiondoa sumaku ya nje, kinafunguka hata kwenye kelvini 300, ndilo joto la chumba. Ukahitimisha kwamba utando ulivyonyooshwa ndivyo usumaku ulivyopanda hadi joto la chumba. Sivyo. Oksidi hiyo ikiwa donge haiwi sumaku hata ukiipoza. Juu ya titaneti ya stronti, atomi zilizozoea nafasi ya nanometa 0.381 hivi hulazimika kuifuata 0.3905 ya kibao. Kunyooka huko kwa zaidi ya asilimia 2 hubadilisha vifungo vya kobalti na oksijeni, na hapo kweli usumaku huzuka. Lakini hufa kwenye kelvini 85 hivi, baridi ya nyuzi 188 chini ya sifuri! Kinachoonekana juu ya hapo kimetoka kwengine.

Kimetoka kwenye kibano chako, nadhani. Umetaja mwenyewe kwamba sampuli ilishikwa kwa kibano cha chuma na ikakatwa kabla ya kupimwa. Kibao chako ni cha nusu milimita, yaani kinene mara 25,000 kuliko utando. Ni sawa na kutafuta uzito wa punje moja ya karafuu huku gunia zima limekaa mizanini. Tena piga hesabu: kwa kipande cha milimita 5 kwa 5, usumaku wote wa utando kwenye baridi kali unalingana na ule wa chembe ya chuma isiyofika nusu mikrogramu. Chembe hiyo huioni kwa urahisi kwa macho, na inanasa ukingoni mwa kibao kwa mshiko mmoja tu.

Linaniuma kwa sababu msimamizi mmoja, mtu mzima anayeheshimiwa, alituambia: "Ondoeni kwenye grafu mstari ulionyooka wa kibao, kitakachobaki ndio utando." Uongo mtupu! Mstari ulionyooka ni wa kibao safi, ambacho husukumwa kidogo na sumaku. Chuma hakitoi mstari. Hujaa na kuchora kitanzi kama utando wenyewe. Ukiuondoa mstari, umekisafishia chuma njia kiingie kwenye grafu yako kikiwa kimevaa jina la utando. Tulimwamini, tukaandika. Mhakiki akauliza swali moja: kibao kitupu kilipimwa? Makala ikaondolewa, fedha za wafadhili zikakatika, na mwenzangu akarudi Unguja bila shahada. Yule bwana hakuguswa hata na lawama, na mpaka leo anafundisha vile vile.

Wala si sisi tu. Mwaka 2004 jarida la Nature lilichapisha habari ya usumaku usiotarajiwa kwenye tando za oksidi ya hafni. Mwaka 2005 watafiti wengine wakaonyesha kwamba tando safi hazina usumaku huo, na kwamba kushikwa kwa kibano cha chuma kunatosha kutoa ishara inayofanana nao.

Basi chukua kibao kitupu kutoka boksi lile lile. Kipitishe tanuri lile lile, oksijeni ile ile, msumeno ule ule, mikono ile ile, kikose utando tu. Kipime kwenye kelvini 300 na kwenye 10. Kisha rudia vyote kwa kibano cha plastiki. Cha chuma kiachie kazi ya kuchomoa miba.

Uliuliza na kibao cha aluminati ya lanthani: nafasi yake ni 0.379, kwa hiyo huko utando hubanwa kidogo badala ya kunyooshwa, na ni mlinganisho mzuri. Lakini hata huko, kibao kitupu kwanza. Kitanzi kikitokea na kwenye kibao kitupu, futa grafu ya kelvini 300 yote, ubaki na ile ya chini ya 85. Hiyo ni kazi halali na inatosha makala. Weka hapa grafu ya kibao kitupu ukishaipata, nitaisoma siku hiyo hiyo.