Jeni moja, mtoto kaugua, mama mzima

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Binamu yangu anayeishi Leicester aliugua saratani ya titi akiwa na miaka 38. Alipopimwa vinasaba alikutwa na kasoro kwenye jeni iitwayo BRCA2. Shangazi, mama yake, naye anayo, lakini ana miaka 71 na bado analima. Mama yangu anasema hayatuhusu, ugonjwa wa matiti hurithiwa kwa mama. Mbona jeni moja imempata mtoto ikamwacha mama? – Msomaji, Pangani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama amekosea, ila usimsahihishe mbele ya watu. BRCA2 iko kwenye kromosomu ya 13, kifurushi kimojawapo cha vinasaba ndani ya seli, na baba anayo sawa na mama. Hata mimi miaka yangu ya mwanzo kliniki nilikuwa nauliza, “Mama yako je? Dada zake?” na kalamu imeshashuka mstari wa pili. Mashangazi wangapi niliwaruka hivyo!

Ikiwa baba yako na shangazi ni wa tumbo moja na baba mmoja, naye ana nusu kwa nusu ya kuwa na kasoro hiyo, wewe, robo. Mwombe binamu nakala ya majibu yake. Mle imeandikwa kasoro iko wapi hasa, na maabara itatazama palepale. Apimwe baba kwanza: akiwa hana, hukuirithi kwake.

Sasa la shangazi. Kazi ya BRCA2 ni kusaidia kukarabati vinasaba vinapokatika ndani ya seli. Katika wanawake 100 walioirithi ikiwa mbovu, kama 69 huugua saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Wanabaki 31, na shangazi mpaka leo yumo humo.

Ukitia pilipili mbuzi moja mchuzini, kila mlaji ataisikia. Hiyo ndiyo BRCA2. Lakini zipo na chembe za pilipili manga, tofauti ndogondogo za vinasaba, mamia, na kila mtu ana mchanganyiko wake. Chembe moja huisikii. Chukua 12, kila moja ikiongeza hatari kwa asilimia 5: huzidishana, 1.05 mara 1.05 hadi zote 12, na simu yangu inasema 1.8, karibu maradufu. Nyingine hupunguza. Binamu yako nusu ya chembe zake alizitoa kwa baba yake, ambako shangazi hana damu. Pengine nyongeza ilitoka huko. Uzazi, kunyonyesha, unene na pombe navyo vina mkono.

Vipo vipimo vinavyokusanya chembe hizo vikatoa alama moja. Usivikimbilie: vilitengenezwa zaidi kwa takwimu za wanawake wenye asili ya Ulaya, na kwetu havilengi vizuri.

Baba naye ajipapase kifua. Wanaume wenye kasoro hii huugua titi pia, ingawa ni wachache. Atacheka. Akimaliza kucheka, mwonyeshe pale nyuma ya chuchu.