Mitaro ya Guernsey na Independence Rock kwa siku moja

Je, unaweza kuona mitaro ya Guernsey na mwamba wa Independence Rock, yote katika jimbo la Wyoming, Marekani, kwa siku moja? Ndiyo, siku moja inatosha kwa yote mawili, hata ukiwa peke yako. Anza Guernsey, Wyoming, asubuhi mapema: mikokoteni ya wahamiaji wa njia ya Oregon, waliokuwa wakielekea magharibi mwa Marekani karne ya 19, ilichimba mitaro katika jiwe la mchanga hadi kina cha karibu mita 1.5, na matembezi yenyewe ni mafupi. Kisha shika barabara kuu ya I-25 hadi mji wa Casper, jaza mafuta na maji, ufuate barabara 220 kama kilomita 85 hadi Independence Rock. Kuuzunguka mwamba ni karibu kilomita 2. Majina ambayo wahamiaji walichonga kwenye mwamba karne ya 19 bado yanasomeka. Tafadhali usiongeze lako. Ukiona mawingu ya radi usipande juu, na tazama kwanza unapoweka mkono: kuna nyoka wa njuga.