Andal, mwanamke kati ya Alvar 12

Umeandika kwamba Alvar 12, wale watakatifu washairi wa Vishnu, mungu wa Kihindu, wote walikuwa wanaume na walitunga kwa Kisanskriti. Hapana, hawakuwa wanaume watupu. Yumo Andal wa Srivilliputhur, kusini mwa India, binti wa kulea wa Periyalvar, ambaye naye ni Alvar. Tena hakutunga kwa Kisanskriti kama ulivyoandika, alitunga kwa Kitamil. Tiruppavai, utungo wake, una beti 30, ubeti mmoja kwa kila siku ya mwezi wa Margazhi wa kalenda ya Kitamil, katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari.

Nilisoma Chennai, na mwezi huo ndio uliokuwa ukiniamsha: hakujapambazuka bado, spika ya hekalu la jirani inaimba ubeti wa siku, na nje akina mama wameinama mlangoni wanachora kolam, yaani mapambo ya sakafuni, kwa unga wa mchele. Hata katika hekalu la Tirumala, ambako kila alfajiri Vishnu huamshwa kwa Suprabhatam, wimbo wa Kisanskriti wa kumwamsha mungu, mwezi huo huuweka kando na kuimba Tiruppavai. Kwa mshairi, sijui heshima kubwa kuliko hiyo.

Ila usiwachanganye Alvar na Nayanmar. Hao ni watakatifu 63, ni wa mungu Shiva, na wanawake wao ni watatu, akiwemo Karaikkal Ammaiyar.