Laptopu Ikizimika Ukikaribia Kutua, Usikimbilie Kununua RAM

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Musoma. Anarusha ndege kwenye X-Plane 11, programu ya kuigiza urubani, kwa laptopu ya mtumba, na kila akikaribia kutua mashine inazimika ghafla. Fundi amemwambia anunue RAM mpya, yaani kifaa cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta. "Kaka, ninunue?" Moyo uliniuma, maana ushauri huohuo mimi niliulipia.

Ngoja nikusimulie. Naishi Kirumba, hapa Mwanza, hatua chache kutoka ziwani. Kama wewe unayesoma hapa, nimekua nikitazama ndege zikishuka juu ya maji na kujiapiza kwamba iko siku nitakaa kile kiti cha mbele. Ada ya shule ya urubani siiwezi bado, kwa hiyo nilidunduliza nikanunua laptopu ya mtumba yenye kadi yake ya picha. Safari yangu ilikuwa moja tu: naruka Bukoba, nakatisha ziwa, natua Mwanza, njia ya kurukia namba 12 au 30 kutegemea upepo. (Ukijaribu, kumbuka uwanja wetu uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Ukisubiri mita ya mwinuko ikaribie sifuri, utakuwa umegonga maji zamani.)

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha picha zikaanza kuwa nzito. Fremu, yaani picha ambazo kioo huonyesha, zilishuka kutoka 34 kwa sekunde hadi 11, na X-Plane ikishuka chini ya 20 hupunguza mwendo wa muda wake wenyewe, kwa hiyo ndege inakuwa kama imening'inia juu ya ziwa. Halafu, Mwanza ikianza kuonekana mbele, kioo cheusi tii. Hakuna onyo wala ujumbe wa kosa.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akafungua rekodi za matukio za Windows, akakuta kosa liitwalo Kernel-Power 41, akasema RAM imekufa. Nikalipa shilingi 90,000. Usiku uleule ikazimika palepale. Niliporudi kwake, mbele ya wateja wengine, akaniambia: "Gemu za watoto hizi ndizo zinaua mashine." Nilikuwa na miaka 31. Pesa nimeshazisamehe, ila sentensi ile bado naisikia.

Siku hiyo nikaamua kujifunza mwenyewe. Nikagundua kwamba 41 inasema tu mashine ilikatika bila kuzimwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini. Nikafungua Log.txt, faili ambamo X-Plane huandika kila inachofanya, ndani ya folda yake, nikashuka hadi chini: mstari wa mwisho ulikuwa wa kawaida kabisa, hakuna kosa lililoandikwa. Kama tatizo ni programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea) au mandhari iliyopungua mafaili, mara nyingi utaona dalili pale mwishoni. Nikaweka HWiNFO, programu ya bure ya kupima joto, nikaruka nayo ikiwa wazi pembeni. 94. 97. 99. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na joto likizidi kupanda mashine hujikata yenyewe. Kumbe hata fremu 11 zilitokana na joto. Na ilikatika wakati wa kutua kwa sababu hapo mashine imeshachemka dakika arobaini, na majengo ya mji nayo yanaongeza kazi.

Nikafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na zile pezi za shaba kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, kijivu. Nikakivuta kwa kibanio kikatoka kizima. Nilipokisogeza kwenye mwanga nikaona mabawa. Wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi mwezi ukiandama! Mimi nacheza usiku dirisha likiwa wazi nipate upepo, taa nimezima, mwanga pekee chumbani ni wa kioo changu. Feni ilikuwa inawavuta.

Nikazuia feni kwa kijiti cha kiberiti isizunguke ovyo, nikapuliza, nikapiga brashi, nikabadilisha krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa. Usiku ule joto halikuvuka 81, na nikatua njia ya 30 bila kukwama hata mara moja. Nilisimama chumbani peke yangu nikapiga makofi.

Kwa hiyo ndugu zangu, pima joto kwanza. Kabla ya kununua chochote, pima joto. Badilisha kitu kimoja, ruka, angalia, ndipo uguse kingine, la sivyo hutajua kilichokuponya. Angalia pia jina la kadi ya picha ndani ya Log.txt: ukiona Intel (ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa) wakati mashine yako ina NVIDIA, nenda kwenye mipangilio ya picha ya Windows uilazimishe X-Plane itumie NVIDIA. Na fundi akishindwa kukueleza kwa nini kifaa kimekufa, chukua mashine yako uondoke. Una haki ya kuelezwa.

Kijana wa Musoma, RAM usinunue. Funga dirisha, fungua mfuniko, safisha. Kisha nitumie joto la juu kabisa uliloliona na mistari ya mwisho ya Log.txt. Inakili kabla hujawasha X-Plane tena, kwa sababu kila ikiwaka hulifuta lile faili na kuanza upya.