Kebo za usukani wa mkia zinapolegea
Umeuliza iwapo uzikaze zaidi kebo za usukani wa mkia wa ndege yako (kibao cha nyuma kinachogeuza pua ya ndege kushoto au kulia), kwa kuwa hulegea kila unapoondoa miguu kwenye pedali. Chunguza kwanza mfumo wenyewe: katika ndege nyingi ndogo zinazojengwa nyumbani, kebo hizo hazifanyi mzunguko kamili, bali kila moja huanzia kwenye pedali yake na kuishia kwenye usukani, hivyo kinachozizuia zisilegee ni springi za pedali, na kuzifupisha kutabadilisha tu mahali pedali zinaposimama. Huenda springi zako zimechoka.

Ikiwa mfumo ni wa mzunguko kamili, tumia kipimo cha mkazo na ufuate kiwango alichoweka mbunifu wa ndege, ukikumbuka kwamba bodi ya alumini hutanuka zaidi kwa joto kuliko chuma cha kebo, kwa hiyo mkazo huongezeka juani na kupungua kwenye baridi. Mkazo uliozidi hula kapi na kufanya usukani uwe mzito.

Tafadhali pitisha pia kitambaa taratibu juu ya kebo, hasa panapogusa kapi. Kikinasa, kuna uzi uliokatika, nami nisingeruka kabla ya kuibadilisha.